Tangi la Darini Likutumie SMS: Mwongozo Kamili wa Sensa ya Mwangwi kwa Nyumba za Lamu

Nyumba nyingi za Lamu zina tangi juu ya paa na pampu chini, na maji ya mfereji huja kwa zamu. Asiyepanda darini kuchungulia hujua tangi limekauka pale bomba linapoanza kukoroma. Mwenye nyumba aliye Mombasa au Nairobi hajui kabisa, mpaka mwangalizi au mgeni ampigie simu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufunga sensa inayopima kina cha maji na kutuma ujumbe mfupi kwa mtandao wa simu, bila kuhitaji intaneti nyumbani. Malindi mambo ni yale yale, ila huko vipuri hupatikana kwa urahisi zaidi.

Sensa haipimi maji, inapima hewa

Sensa hutoa mlio wa takriban kilohezi 40, usiosikika na sikio la binadamu, kisha husubiri mwangwi urudi. Muda wa kwenda na kurudi huzidishwa kwa kasi ya sauti, ukagawanywa kwa mbili, na hapo unapatikana umbali. Mlio ukifika kwenye uso wa maji, karibu wote hurudi juu. Kwa hiyo haijalishi maji ni ya chumvi, ya mvua au yana vumbi, na samaki wadogo wanaowekwa birikani kula viluwiluwi vya mbu hawatasumbuka. Kinachohesabika ni ile hewa iliyo kati ya sensa na maji: joto lake, unyevu wake, na chochote kinachoning'inia ndani yake. Ukilishika hilo, utaelewa karibu kila hitilafu itakayokupata.

Vifaa

- Sensa ya A02YYUW, mbili. Hupima kuanzia sm 3 hadi sm 450, haiingii maji, na hutoa kipimo kwa milimita moja kwa moja.
- Bodi ya ESP32, moja. Hii ni kompyuta ndogo inayosoma sensa na kuiamuru modemu.
- Modemu ya A7670E, yaani kifaa cha kutuma SMS, yenye bodi yake, pamoja na antena na waya wake. Hii hutumia mtandao wa 4G na hushuka hadi 2G pale 4G inapokosekana.
- Kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 16, mbili.
- Betri ya volti 12, ampea-saa 7. Paneli ya sola ya wati 20. Kidhibiti cha chaji. Na kishusha volti cha kutoka 12 hadi 5 kinachomudu ampea 3.
- Kasha la plastiki lisiloingia maji, vibana-waya vya mpira vinne, vifuko vya silika jeli vya kufyonza unyevu, na skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316.

Utakutana na sensa ya JSN-SR04T iliyo rahisi zaidi kwa bei. Haifai kwa tangi linalojaa hadi juu, kwani haioni chochote kilicho karibu nayo kwa kiasi cha sm 20 hadi 25. Maji yakiingia eneo hilo itatoa namba za ovyo, na zitatoka wakati ule ule unaotaka kujua kama tangi linakaribia kufurika. Modemu ya SIM800L nayo ni nafuu, lakini inategemea 2G peke yake na ni mbishi sana kwa umeme. Kwa kifaa kitakachokaa miaka juu ya paa, ongeza pesa uchukue A7670E. Angalia herufi ya mwisho: aina hiyo ina masafa ya 900 na 1800 ya 2G, na bendi za 3, 8 na 20 za 4G, lakini ndugu zake wenye herufi nyingine hutengenezwa kwa masoko mengine.

Sensa ni mbili kwa sababu kipuri kikitoka Nairobi lazima kipande basi hadi Mokowe, kisha kivuke kwa boti. Sensa iliyokufa Ijumaa ikasubiri mzigo hadi wiki ijayo ni tangi lisilo na macho wiki nzima.

Laini ya simu

Nunua laini mpya iliyosajiliwa kwa jina la mtu anayehusika na nyumba. Usitumie laini yenye pesa za M-PESA, maana itakaa darini bila namba ya siri. Itie kwenye simu ya kawaida, ondoa PIN ya laini, tuma ujumbe mmoja na upokee mmoja, kisha futa ujumbe wote uliomo.

Halafu panda na simu hiyo mpaka mahali kasha litakapofungwa, uangalie mtandao pale pale. Kuta za mawe ya matumbawe za mji wa kale ni nene na vichochoro ni vyembamba. Mtandao uliokufa sebuleni unaweza kuwa mzuri kabisa juu ya paa. Jaribu laini za kampuni mbili kabla ya kuamua.

Kuunganisha waya

Fanya kazi yote mezani kwanza. Sensa ina waya nne: nyekundu ni umeme, nyeusi ni ardhi, nyeupe hutoa data, na ya njano iache wazi ili sensa itoe kipimo kilichochujwa. Ilishe volti 3.3 kutoka kwenye ESP32, si volti 5, ili data yake isizidi kiwango ambacho bodi inastahimili. Nyeupe iende pini ya 16. Kama bodi yako ni ya aina ya WROVER, pini za 16 na 17 zimeshikwa na kumbukumbu ya ndani, tumia nyingine.

Modemu: waya yake ya kutoa iende pini ya 26, ya kupokea iende pini ya 27. Chipu ya A7670E yenyewe huongea kwa volti 1.8, kwa hiyo hakikisha bodi yake ina kigeuzi cha kiwango cha 3.3. Isipokuwa nacho, unaweza kuiunguza siku ya kwanza. Ardhi ya sensa, ya ESP32, ya modemu na ya kishusha volti zote zikutane mahali pamoja.

Umeme wa modemu ndio unaoangusha kazi nyingi za namna hii. Ikiwa imetulia modemu hunywa umeme kidogo, lakini ikituma kwa 2G hufyonza hadi ampea 2 kwa mkupuo mfupi sana. Waya ikiwa nyembamba au ndefu, volti hushuka kwa kitambo hicho na modemu hujizima. Dalili yake haifichiki: kila kitu kinajibu vizuri, mtandao unaonekana, ila kila ukituma SMS kifaa kinaanza upya. Wengi hapo huanza kubadilisha programu, ilhali dawa ni waya. Tumia waya wa milimita za mraba 0.75 au zaidi, usiozidi sm 30 kutoka kishusha volti hadi modemu, na weka kapasita moja ya mikrofaradi 1000 kwenye pini zenyewe za modemu. Kapasita ya pili iwe kwenye ESP32. Usilishe modemu kupitia bodi ya ESP32 kamwe.

Hesabu ya betri: mfumo mzima ukizimiwa Wi-Fi hutumia takriban nusu wati, yaani wati-saa 12 kwa siku, au 14 ukijumlisha kinachopotea kwenye kishusha volti. Betri ya 12 kwa 7 ina wati-saa 84. Usiitumie zaidi ya nusu ili idumu. Hiyo ni siku tatu bila jua, kiasi cha kutosha hata wakati wa masika.

Kuongea na modemu

Unganisha modemu na kompyuta kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, uandike amri hizi moja moja:

AT, ijibu OK. Kimya maana yake waya mbili za data zimepishana vibaya, au modemu haijawashwa. Bodi nyingine hudai pini ya kuwashia, PWRKEY, iunganishwe na ardhi kwa sekunde moja hivi.

AT+CPIN? ijibu READY. Ikijibu SIM PIN, hukuondoa namba ya siri.

AT+CSQ hutoa namba ya nguvu ya mtandao, 0 hadi 31. Kumi na zaidi inatosha kwa SMS. Ikitoka 99, modemu haisikii kitu. Kagua antena kwanza.

AT+CREG? ijibu 0,1. Ikibaki 0,2 bado inatafuta; 0,3 ni kwamba mtandao umeikataa laini.

AT+CMGF=1 huiweka kwenye hali ya maandishi ya kawaida. Kisha AT+CMGS="+2547..." na namba kamili yenye +254. Alama ya > ikitokea, andika ujumbe, umalizie kwa herufi ya 26, ambayo kwenye kibodi ni Ctrl na Z. Jibu la +CMGS likifuatwa na OK, ujumbe umekwenda. Ukipata +CMS ERROR na mtandao ni mzuri, angalia salio kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

AT+CTZU=1 huifanya saa ijirekebishe kutoka mtandaoni, na AT+CCLK? huisoma. Mwishoni utaona +12: ni robo-saa kumi na mbili, yaani saa tatu za Afrika Mashariki.

Kusoma sensa

Sensa hutuma baiti nne kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na hapa zimeandikwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita. Ya kwanza daima ni FF. Ya pili na ya tatu ni umbali, ya nne ni ya kuhakiki: jumla ya tatu za mwanzo, ukibakisha baiti ya chini tu. Mfano, FF 04 D2 D5: 04D2 ni 1234, yaani milimita 1234, na FF jumlisha 04 jumlisha D2 huishia na D5, kwa hiyo kipimo ni halali. Isipolingana, kitupe kipimo hicho bila kukionea huruma.

Kila dakika kumi soma mara 15, panga kwa ukubwa, uchukue cha katikati. Usichukue wastani: mwangwi mmoja uliopotea njia ukaleta mita nne utaburuta wastani wote, lakini hautagusa cha katikati.

Kufunga tangini

Usifunge sensa kwenye mfuniko wa kuzungusha. Kila mfuniko ukifunguliwa waya hujikunja, na mtu akiurudisha nusu sensa hulala upande. Toboa tundu juu ya tangi pembeni mwa mfuniko, kwa kipenyo cha nyuzi za sensa ulichokipima, huku mtu akishikilia chombo chini yake ili mabaki ya plastiki yasianguke ndani ya maji ya kunywa.

Mahali pa tundu panahitaji kufikiriwa. Mlio hutanuka kadiri unavyoshuka, kwa pembe ya nyuzi 60 hivi. Ukienda mita 1.5 chini, umefikia upana wa sm 87 kila upande. Tangi la kipenyo cha mita 1.8 lina sm 90 kutoka katikati hadi ukutani, kwa hiyo kadiri unavyokaribia katikati ndivyo unavyopona. Ikishindikana, usishuke chini ya sm 30 kutoka ukutani, na ukae upande wa pili wa bomba la kuingiza maji na boya. Bomba hilo likimwaga, uso wa maji hutibuka na mwangwi hutawanyika.

Uso wa sensa uwe juu ya maji yaliyojaa kwa angalau sm 10, ingawa karatasi yake ya maelezo inasema sm 3 zinatosha. Hakikisha kwa pimamaji kwamba imesimama wima. Ikiinama kidogo tu mwangwi hurudi ukutani badala ya kurudi kwake.

Birika jembamba la ndani, au tangi lenye mbavu nyingi ukutani, linaweza kukupa mwangwi wa uongo kila mara. Hapo teremsha bomba la PVC la milimita 110, kipande kimoja kisicho na kiungo, likomee sm 10 juu ya sakafu, na ulitoboe tundu la hewa karibu na juu. Bila tundu hilo maji ya ndani ya bomba hayatapanda sawa na ya nje. Jaribu kwanza kabla ya kulifunga moja kwa moja, kwa sababu ndani ya bomba sensa zingine hudanganywa na kuta zilizo karibu.

Kasha lifungwe kwenye kivuli cha tangi, vibana-waya vikitazama chini, na kila waya upinde kwenda chini kabla ya kuingia ili matone yadondoke nje. Upepo wa Lamu umebeba chumvi, uwe kusi au kaskazi, na chumvi hula shaba iliyo wazi. Paka grisi kwenye viungio vyote na vanishi ya saketi kwenye bodi, ukiacha wazi tundu la laini na la antena.

Kipimo cha tangi lako

Unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni umbali kutoka sensa hadi usawa wa tundu la kutokea maji, si hadi sakafuni, kwani maji yaliyo chini ya tundu hayatakufikia. Ya pili ni umbali tangi likiwa limejaa mpaka boya limefunga. Zipime kwa sensa yenyewe, kisha uhakikishe kwa fito na futi.

Tuseme ya kwanza ni sm 187 na ya pili sm 12. Kina unachotumia ni sm 175. Kwa kipenyo cha mita 1.8, kila sentimita moja ni lita 25.4, kwa hiyo una takriban lita 4,450 za kutumia. Kwa birika la mstatili, lita za kila sentimita moja ya kina ni urefu mara upana kwa sentimita, gawanya kwa 1000.

Sasa joto. Kasi ya sauti ni mita 331.3 kwa sekunde, ukiongeza 0.606 kwa kila digrii. Hewa ya digrii 25 alfajiri na ya 45 chini ya plastiki nyeusi mchana hutofautiana kwa asilimia 3.5. Pengo la sm 150 litaonekana limebadilika kwa sm 5, yaani lita 130 zilizotoweka au kuzaliwa bila mtu kufungua bomba. JSN-SR04T haina kinga. Itabidi uongeze sensa ya joto ya DS18B20 ndani ya tangi na ukokotoe mwenyewe. Sensa inayotoa milimita tayari huenda ina fidia ndani yake, kwa hiyo usiongeze ya pili kabla ya kujaribu: funga maji yote siku nzima, rekodi kila saa, uone namba inavyotembea.

Vizingiti na maneno ya ujumbe

Asilimia za kukisia hazisaidii. Anza na matumizi: nyumba ikitumia lita 600 kwa siku na zamu ya maji ikiwa kila siku mbili, lazima upate taarifa zikiwa zimebaki lita 1,200 au zaidi. Kwa tangi la mfano wetu hiyo ni asilimia 27, weka 30. Kizingiti cha pili, asilimia 12, kiende kwa watu wote. Cha tatu, asilimia 97, ni cha kuzima pampu.

Kila kizingiti kiwe na mlango wa kurudia ulio mbali. Onyo la 30 likishatumwa, lisitumwe tena mpaka maji yapande zaidi ya 38. Na lisitumwe mpaka vipimo vitatu mfululizo vikubaliane. Bila hayo, mawimbi madogo yatakutumia SMS arobaini usiku mmoja, na mwangalizi ataifunga namba hiyo.

Onyo la kuvuja ni zuri kuliko yote: linganisha saa tano usiku na saa kumi alfajiri. Maji yakishuka zaidi ya sm 4 wakati watu wamelala, kuna bomba limeachwa wazi au choo kinavuja. Usiweke chini ya hapo, maana hewa ikipoa kwa digrii 5 pengo la mita moja huonekana limeongezeka karibu sm 1.

Ujumbe uandikwe kwa saa ya Kiswahili: toa saa sita kwenye saa ya modemu (jibu likizidi 12 toa 12, likiwa chini ya 1 ongeza 12), kisha ongeza neno asubuhi, mchana au usiku. "TANGI: lita 1290 (29%), saa 2 usiku. Washa pampu." Anayesoma haongezi wala hatoi. Mkato wa ng' uwe wa kawaida. Uliopinda hauko kwenye alfabeti ya GSM, yaani herufi za kawaida za SMS, na ujumbe wenye herufi ya nje hushuka kutoka nafasi 160 hadi 70.

Muhimu kuliko maonyo yote ni ujumbe wa kila siku saa moja asubuhi, hata kama tangi limejaa. Salio likiisha, betri ikifa au antena ikikatika, kifaa hakiwezi kukuambia. Ujumbe wa asubuhi usipofika, hiyo ndiyo taarifa. Mpe mtu mmoja kazi ya kuuangalia, na yeye huyo awe anaiongezea laini salio.

Ukitaka tangi lijibu mtu akituma neno MAJI, weka AT+CNMI=2,2,0,0,0 na orodha ya namba zinazoruhusiwa; nyingine zipuuzwe. Kila usiku futa ujumbe kwa AT+CMGD=1,4, maana matangazo ya kampuni za simu hujaza laini. Modemu isipojibu AT mara tatu, ESP32 iizime na kuiwasha upya.

Ikidanganya

Inasema tangi limejaa wakati wote: tone la jasho limeganda kwenye uso wa sensa, au buibui amefuma utando mbele yake. Toboa tundu la hewa juu ya tangi na ulizibe kwa wavu wa mbu. Kwenye programu, umbali mdogo kuliko ule wa tangi lililojaa uhesabiwe hitilafu, na ujumbe useme "KAGUA SENSA".

Inaruka kati ya namba mbili zile zile: moja ni maji, nyingine ni kitu kisichosogea, kama ubavu wa tangi, ngazi au boya. Isogeze sensa.

Inakwama kwenye namba moja siku nzima na watu wanaoga: data haifiki, na programu inarudia kipimo cha zamani. Kila kipimo kiwe na muda wake. Kikizidi dakika 30, kihesabiwe kimekufa.

Ilifanya kazi miezi mitatu kisha mtandao ukadhoofika: fungua kiungio cha antena utafute rangi ya kijani. Kata, badilisha, paka grisi.

Kila baada ya miezi mitatu panda na kitambaa laini, futa uso wa sensa, badilisha silika jeli, na uhakikishe kipimo kwa fito. Zile namba mbili za tangi ziandike kwa wino mzito ndani ya mfuniko wa kasha, pamoja na tarehe ya kufunga. Atakayebadilisha sensa baadaye atalikuta tangi lina maji, na hatakuwa na njia ya kulipima likiwa tupu.